Mama Naye Apumzike

Kila harusi kuna mwanamke hayupo ukumbini. Amebaki nyumbani na mwanawe mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, hana wa kumwachia.

Unguja tuna nyumba za wazee za serikali, Sebleni na Welezo. Naomba huduma hiyo ipanuliwe: vijengwe vyumba kwa ajili ya watu hawa, wanawake mbali na wanaume, wenye walezi waliofunzwa. Mtu alale siku mbili tatu, kisha arudi kwao.

Wapo watakaosema huko ni kumtupa mtoto. Mimi naona kumtupa ni kumlea miaka 40 bila kumzoesha mkono mwingine. Siku mama akifariki, atampoteza mama na kitanda chake kwa pamoja.

Tuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na sisi tuna michango ya harusi. Bibi harusi, punguza maua ya jukwaani, uchangie chumba kimoja kiwe wakfu. Na ukiingia ukweni, uliza nani anamlea shemeji yako mwenye ulemavu, na lini mama mkwe alilala usiku mzima.