Nafasi ya Kiswahili Katika Mashine ya DVD

Walimu wenzangu wa lugha wamezoea kulalamika kwamba filamu zifaazo kufundishia haziji na Kiswahili. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini aghalabu lawama hutupiwa mashine, ikadhaniwa kwamba vyombo hivi vya kigeni havikuundwa kwa ajili yetu. La hasha! Anayekisoma kwa makini kijitabu cha maelezo ya mashine ya DVD, kile ambacho wengi hukitupa pamoja na kasha lake, ataona kwamba lugha yetu ilitengewa nafasi tangu hapo.

DVD ilianza kuuzwa nchini Japani mwaka wa 1996. Upana wa sahani yake ni sentimita 12, sawasawa na CD, ila data zake zimebanana zaidi na mwale wa leza unaozisoma ni mwembamba zaidi. Kwa hiyo tabaka moja la DVD hubeba gigabaiti 4.7, hali CD hubeba megabaiti 700 tu. Waundaji hawakuitumia nafasi hiyo yote kwa picha. Waliafikiana kwamba filamu moja iweze kuwa na mikondo 8 ya sauti na mikondo 32 ya manukuu, yaani yale maandishi yapitayo chini ya picha. (Neno lenyewe lina walakini. Kunukuu ni kuyaandika maneno ya mtu jinsi alivyoyasema, ilhali manukuu ya filamu hufupisha na kutafsiri. Lakini limekwisha kuzoeleka, na sina ugomvi nalo.)

Kila mkondo hutambulishwa kwa herufi mbili zinazotoka katika orodha ya kimataifa ya lugha. Kiingereza ni en, Kifaransa ni fr, Kiswahili ni sw. Baadhi ya watengenezaji huziandika herufi hizo kwa tarakimu za kompyuta, s ikiwa 83 na w ikiwa 87, hivyo kwamba mwenye mashine akitaka Kiswahili kitangulie huingiza 8387 kwa rimoti. Mashine hutii. Kisha huitafuta lugha hiyo katika sahani, isiione, ikarudi kwenye Kiingereza.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Manukuu ya DVD hayahifadhiwi kama herufi bali kama picha ndogo zilizochorwa, na mashine huzibandika tu juu ya picha ya filamu. Haihitaji kujua lugha wala hati. Kiarabu, Kiamhari, hata Kikuyu chenye ĩ na ũ zake, vyote kwake ni michoro. Basi kinachokosekana si ufundi, bali ni mfasiri na mtu wa kumlipa.

Kwa shule inayotaka kununua mashine, mengi yaliyoandikwa kwenye kasha ni mapambo, lakini nambari ya eneo si pambo hata kidogo. Dunia iligawanywa katika maeneo. Kenya, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, imo katika eneo la 5. Afrika Kusini na Misri zimewekwa katika eneo la 2 pamoja na Ulaya Magharibi na Japani, na Marekani ni eneo la 1. Sahani iliyoletwa kutoka Marekani huweza kukataliwa na mashine ya hapa ingawa zote mbili ni nzima. Heri kuchagua mashine inayokubali maeneo yote. Kompyuta nazo huruhusu eneo kubadilishwa mara 5, kisha hujifunga. Ama kuhusu ahadi kwamba mashine huipandisha picha hadi mistari 1080, mnunuzi asiilipie ghali. Picha ya DVD katika mfumo wa PAL ina mistari 576, na hiyo mingine ni makisio ya mashine.

Turudi kwenye sauti. Wakenya wanawajua vyema wasimulizi wa filamu kama DJ Afro, ambao humwagia maneno yao juu ya sauti ya waigizaji, na mtazamaji hana hiari ila kusikiliza vyote kwa pamoja. Siwadharau, wamefanya kazi ambayo sisi wasomi hatukuifanya. Lakini katika DVD usimulizi huo ungeweza kukaa katika mkondo wake, na filamu ya asili ikabaki salama katika mkondo wa pili, mwanafunzi akabadilisha kwa kitufe kimoja na kulinganisha mitindo miwili ya usemi. Hilo ni somo zima la isimujamii.

Linaloniuma zaidi ni michezo ya vitabu teule, inayorekodiwa na makundi ya waigizaji na kuuziwa shule. Nyingi nilizoziona hazina manukuu ya lugha yoyote. Mwanafunzi kiziwi, atakayeulizwa maswali yale yale na mwenzake anayesikia, hutazama midomo ikichezacheza. Yule ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao naye hupitwa na methali asizowahi kuziona zimeandikwa.

Kazi yenyewe haihitaji studio. Programu ya Subtitle Edit ni ya bure. Huonyesha filamu na kumwezesha mtu kuandika kila usemi pamoja na sekunde zake. DVDStyler, ya bure pia, huyaunganisha manukuu na picha katika sahani mpya. Kundi lililorekodi mchezo likitoa ruhusa, mwalimu anaweza kuligawia darasa la kidato cha tatu onyesho moja moja, kila wanafunzi wanne wakaandika la kwao, kisha wakabishana kuhusu tahajia na mahali pa kukata sentensi ili iingie katika mistari miwili.