ALIYEUKATA MSITU NI NANI?

Katika mikutano ya matawi yetu, kutoka Korogwe hata Handeni, swali moja laulizwa kila mara: huo ushoroba unaozungumzwa ni kitu gani, na ni nani atakayehamishwa kwa ajili yake? Twajibu leo waziwazi, asije mtu akasema kwamba Chama kilinyamaza.

Ushoroba ni njia ya msitu au pori inayounganisha hifadhi moja na nyingine. Sisi twaukubali. Mtafiti William Newmark wa Marekani amekuwa akinasa ndege kwa nyavu katika misitu ya Usambara tangu 1987, na yaliyoonekana ni haya: ndege wa chini ya msitu haruki shamba lililo wazi. Akifungiwa katika kipande kidogo cha msitu, hupungua mpaka akatoweka. Tena watu wa mji wa Tanga wanywa maji ya mto Zigi, utokao milima hiyo hiyo. Kwa hiyo kuunganisha Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa 1997, na Hifadhi ya Nilo, ambayo sehemu yake iko Korogwe, ni kazi njema. Tangu Septemba 1961 huko Arusha, Mwalimu Nyerere aliutangazia ulimwengu kwamba wanyama na mapori yetu ni dhamana mikononi mwetu. Dhamana hiyo hatuikani.

Lakini aliyeukata msitu ni nani? Katika miaka ya 1890 makampuni ya Wajerumani yaliangusha miti ya Usambara Mashariki ili kupanda kahawa. Kahawa ikawashinda, baadaye chai ikashika mahali pake. Huko chini, mkonge ulioletwa nchini 1893 ulienea mpaka bonde la Lwengera, linalotenga Usambara mbili. Wala tusijidanganye: hata baada ya Uhuru, Sikh Saw Mills, ikiwa imekwisha kuwa mali ya umma, ilivuna magogo kwa msaada wa Ufini, mpaka uvunaji wa mitambo ulipokomeshwa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Ulipofika wakati wa kuziba matundu, ni nani aliyeambiwa atoke? Si chai. Si mkonge. Ni mkulima wa iliki wa Derema, kwa jirani zetu wa Muheza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima zaidi ya 1,000 waliondolewa mashambani mwao ili Amani iungane na misitu ya kaskazini yake. Fidia ilikuja kwa mafungu, na ubishi juu ya kiasi chake na juu ya ardhi mbadala uliendelea kwa miaka mingi. Iliki huzaa mwaka hata mwaka. Fedha ya fidia huliwa mara moja ikaisha. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa mchuma janga amekwenda zake, na janga analila jirani!

Ndugu zetu wa Handeni wayajua mambo haya kwa sura nyingine. Tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, katika nchi iliyokuwa Pori Tengefu. Huku wanyama wafanyiwa nafasi, kule watu wapangwa upya, na waliokutwa Msomera wamelalamika kwamba ardhi yao iligawiwa wengine. Ramani ikichorwa mezani, kila shamba huonekana pori tupu.

Sheria ya Wanyamapori ya 2009 yampa Waziri uwezo wa kutangaza ushoroba baada ya kushauriana na mamlaka za mitaa. Vema. Lakini ofisi ya halmashauri si kijiji. Mwenye shamba hukaa katika mkutano mkuu wa kijiji, na huko ndiko neno lianzie.

Twataka mambo matatu. Kwanza, ushoroba wowote upitie mkutano mkuu wa kijiji. Na panapowezekana uwe msitu wa hifadhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, ili wanakijiji wautunze na mapato yake wayapate wao. Pili, anayetolewa alipwe kabla hajatoka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yasema fidia iwe kamili, ya haki na ya upesi. Haikusema ya kungojea. Tatu, mashamba makubwa ya chai na mkonge nayo yatoe vipande vyao, hasa yale yaliyolala bila kulimwa. Ikiwa ndege hawezi kuvuka shamba la mnyonge, basi la tajiri atalivukaje?

Wanachama, ulizeni katika vijiji vyenu: ramani imekwisha kuchorwa? Nani aliitwa? Muhtasari uko wapi? Andikeni majibu, myalete wilayani. Msitu utaunganishwa, nasi tutashika jembe kupanda miti. Lakini hautaunganishwa kwa kuwatenga watu na haki yao.