Rangi Mpya Haizibi Silinda: Soma Kabla Hujaposti Mashine ya Boti



Leo nina neno na sisi tunaouza mashine za boti zilizotumika, hasa huku Mtwara. Msimamo wangu ni huu: mashine kuukuu iliyofunguliwa na kutengenezwa kweli ni bidhaa nzuri, iuze kifua mbele. Ila iliyopigwa rangi tu huku silinda imekwaruzika, usiiposti hata kama inawaka.

Nasema hivi kwa sababu kosa hilo nimelifanya. Niliweka status mashine ya farasi 15, kava linang'aa, nikaandika "imefanyiwa servisi, nzima kabisa". Sikuifungua. Mwenye nayo aliniambia ni nzima, na mimi nilichowaza ni cha juu changu. Akaichukua mvuvi wa Msimbati. Siku ya tatu ikakata karibu na mdomo wa Ruvuma, maji yanakupwa, mto unawasukuma nje. Walipiga kasia mpaka boti ya wenzao ikawavuta jioni. Aliponipigia hakutukana. Alisema tu, "Kaka, mimi niliamini maandishi yako."

Hela nilimrudishia. Lakini hebu fikiria kama ile boti ya pili isingepita.

Tulipoifungua, mpira wa pampu ya maji ulikuwa umekatika. Mashine ilishachemka zamani, pistoni ikakwaruza ukuta wa silinda. Silinda ikiwa hivyo, mgandamizo unavuja pembeni ya ringi. Nchi kavu itawaka, ukiipa mzigo baharini inaishiwa nguvu, inachemka tena, inakwama. Ndiyo maana "inawaka" siyo ushahidi wa kitu.

Sasa, kama unataka kuinunua, kuitengeneza na kuiuza, fanya hivi:

1. Pima kwanza. Toa plagi zote, fungua mafuta mpaka mwisho, weka geji ya kompresheni, vuta kamba mara kadhaa. Silinda zisome karibu sawa. Moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, fungua uangalie ndani.

2. Pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda. Mkwaruzo mdogo usionasa ukucha, fundi anaweza kuusafisha. Ukucha ukikwama, usidanganyike na msasa. Hapo ni kuchonga silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi.

3. Nunua pistoni na ringi kwanza, ndipo upeleke bloku kwa fundi wa kukereza. Zile zilizozidi saizi ya kawaida huwa 0.25 au 0.50 mm. Fundi achonge kwa kuipima pistoni yako yenyewe. Ukianza kuchonga halafu saizi hiyo ukaikosa madukani, umebaki na chuma chakavu.

4. Kwa hizi mashine za kuchanganya petroli na oili, mwambie fundi alainishe kingo za matundu yaliyo ukutani mwa silinda baada ya kuchonga. Zikibaki kali, ringi inanasa na kuvunjika.

5. Ondoa chanzo. Badilisha mpira wa pampu, zibua njia za maji zilizojaa chumvi na mchanga, safisha kabureta. Ukiacha chanzo, hata pistoni mpya itakufa vilevile.

6. Izoeze. Nyingi za aina hii hutumia lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na zikiwa mpya ndani, lita 1 kwa lita 25 kwa saa 10 za mwanzo. Fuata kitabu cha mashine yako. Mnunuzi umwandikie karatasi, usimwambie kwa mdomo tu.

Wapo watakaoniambia, "Mteja hajui mambo ya silinda, anataka bei." Siyo kweli. Mvuvi anajua kuliko wewe, tatizo ni kwamba yuko Kilwa au Lindi, anakutumia hela na mzigo unapanda basi bila yeye kuushika. Macho yake ni picha zako. Na wengine watasema ukitaja kwamba silinda ilikuwa mbovu unamfukuza mteja. Mimi naona kinyume: ukimficha, atajiuliza kwa nini bei iko chini. Ukimwonyesha, anaelewa kwa nini iko juu.

Kwa hiyo posti yako iwe na picha ya silinda kabla na baada, saizi ya pistoni, namba za kompresheni za kila silinda, na video ikiwaka kwenye pipa la maji huku ikitema maji vizuri. Kava linalong'aa liwe picha ya mwisho. Na kama haijatengenezwa, andika wazi: "Inauzwa kama spea." Mnunuzi wa spea yupo, na atalala usingizi. Wewe pia.

Muuza viatu akikosea, mteja anatembea peku. Sisi tukikosea, mtu anabaki katikati ya maji, kusi inavuma. Tusilinganishe hiyo na cha juu.

Wewe unayeuza mashine, jenereta au pikipiki zilizotumika: huwa unamwonyesha mteja nini kabla hajatuma hela? Tuandikie hapo chini, wenzako wajifunze.