Kuku Mkavu Hahitaji Ngano

Kwenye kicheni pati moja pale Bunda, mama aliyealikwa kufundisha mapishi aliwaambia mabinti kuwa kuku asiyepakwa unga wa ngano hawezi kukauka vizuri akikaangwa. Mmoja akauliza: je, mwenye mtoto aliyekatazwa ngano na daktari? "Huyo ale wa kuchemsha." Ukumbi ukacheka. Mimi nilikasirika, maana mtoto wa dada yangu ni miongoni mwa hao, na nimemwona kwenye sherehe akiwatazama wenzake wakila.

Dai lile la mama ni uongo. Ngano ina gluteni, protini inayonata, ndiyo inayoufanya mkate uumuke na chapati ivutike. Ganda la kuku linavutika ili iweje? Linatakiwa livunjike! Na kinachovunjika ni wanga uliokaushwa maji na mafuta ya moto. Wanga tunao: muhogo, mchele, mahindi. Wajapani hupaka kuku wao wanga wa viazi, na ganda linalia mdomoni. Sisi wa Mara, tuliokuzwa na ugali wa udaga, yaani wa muhogo, tunaambiwa tusubiri ngano ambayo nchi hii huagiza kwa wingi kutoka nje. Na Butiama, alikozaliwa mtu aliyetuhubiria kujitegemea kwa Azimio la Arusha mwaka 1967, iko hapo jirani tu.

Shangazi mmoja akadakia kwamba muhogo una sumu. Muhogo mchungu usiolowekwa na kuanikwa ipasavyo unayo, kweli. Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walipooza miguu kwa konzo, ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo. Lakini bibi zetu wanajua kuuandaa, na shangazi huyo anakula ugali wa muhogo nyumbani kwake. Sumu inamsubiri kuku tu?

Kuku wa kienyeji mchemshe kwanza kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi hadi alainike. Apoe, umfute maji kabisa, kwa sababu maji ndiyo yanayolegeza ganda. Mchovye kwenye yai, kisha kwenye unga wa muhogo wenye unga kidogo wa mahindi, umwache dakika 10 unga ushike. Mafuta yawe ya moto kiasi kwamba chembe ya unga ikidondoka inachemka papo hapo. Weka vipande vichache, vitoe, vipumzike, uvirudishe tena mpaka viwe rangi ya dhahabu.

Mafuta yawe mapya. Yale ya vibanda vya chipsi, yanayochemshwa mpaka yanakuwa meusi, siyaelewi tunayavumiliaje. Na yaliyokaangia maandazi asubuhi yana ngano tayari, hayamfai mtoto huyu. Mashineni nako uwe macho: ukipeleka muhogo kusaga Musoma, uliza kilichosagwa kabla yako. Kama ni unga wa lishe uliochanganywa ngano, mwombe msagaji asafishe mashine, na akikataa, beba muhogo wako uende mashine nyingine.