Bia ya mkebe na elimu ya mkebe

Nataka leo kuwaandikia walimu wenzangu na wanafunzi wao juu ya jambo ambalo huenda baadhi yao wakashangaa kulisikia kinywani mwa mwalimu, nalo ni upikaji wa bia. Wasiharakishe kunihukumu. Simwiti mwanafunzi yeyote kwenye kata ya busaa. Sheria yetu ya vileo ya 2010 iko wazi kwamba asiyetimiza miaka 18 hapaswi kuuziwa kileo, na kwamba hata mtu mzima haruhusiwi kukitengeneza pasipo leseni. Ninachokitafuta ni elimu iliyomo chunguni, ambayo tunaimwaga pamoja na machicha.

Wenzetu wa Uingereza na Marekani wana uraibu mmoja ambao kwetu haujulikani sana. Watu wenye kazi zao za kila siku, makarani, mafundi, hata wachungaji wa makanisa, hupika bia majumbani mwao kwa kujifurahisha tu. Uingereza, hadi 1963, mtu wa namna hiyo alilazimika kuwa na leseni ya serikali; mwaka huo waziri wa fedha, Reginald Maudling, akaiondoa leseni hiyo kwa yule asiyeuza. Marekani nako sheria ya serikali kuu haikumruhusu mpikaji wa nyumbani hadi Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria mpya mnamo Oktoba 1978.

Mwanagenzi wa kazi hii huanzia dukani. Hununua mkebe wenye kilo moja na nusu au zaidi ya shira nzito, nyeusi kama asali ya porini. Shira hiyo ni utamu wa kimea cha shayiri ambao umekwisha kukamuliwa na kugandishwa kiwandani. Hata uchungu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia ukali wake, mara nyingi umekwisha kutiwa. Mwanagenzi huimimina shira katika ndoo, hutia maji ya moto na kilo moja ya sukari, huongeza maji baridi hadi lita 23, hunyunyiza hamira iliyokuja na mkebe, kisha hufunika. Baada ya wiki mbili hivi huitia chupani. Bia anayo, na huenda ikawa nzuri. Lakini mwulize ni kwa nini imekuwa bia, naye atakuonyesha karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mkebe.

Nilipokuwa nikisomea ualimu wa sayansi mjini Leeds, mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mmoja wa watu hawa. Alikuwa fundi wa mabomba, aliyeacha shule mapema na asiyekuwa na haja ya kuirudia. Kwa miaka miwili alipika bia ya mkebe, na majirani wakaisifu. Kisha siku moja akaja na gunia la shayiri. Nilimwuliza kwa nini ajitie katika taabu ya saa sita ilhali mkebe ulimchukua nusu saa. Alinijibu kwamba sifa za majirani zilikuwa za mwenye kiwanda, si zake.

Kwa lita 20 hivi alihitaji kilo 5 za kimea. Alikivunja kwa kinu kidogo cha mkono, wala hakukisaga kikawa unga, maana maganda mazima ndiyo yaliyokuja kuwa kichujio baadaye. Alikiloweka katika maji ya moto ndani ya sanduku la plastiki, lile ambalo watu hubebea vinywaji baridi, akangoja mpaka kipimajoto kikatulia kwenye nyuzi 66 za Selsiasi. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipofanyika, na haikufanywa na yeye. Ndani ya kimea mna vimeng'enya viwili vinavyougeuza wanga kuwa sukari. Kimoja huikata minyororo ya wanga popote pale, hata katikati. Cha pili hunyofoa sukari kutoka ncha ya mnyororo, mbili mbili. Huyu wa pili hupenda nyuzi 60 hadi 65, na joto likizidi huharibika upesi. Yule wa kwanza huvumilia hadi 70 na ushei. Kwa hiyo anayeloweka kwenye nyuzi 63 hupata bia kavu, maana karibu sukari yote italiwa na hamira, na anayeloweka kwenye 69 hupata bia nzito yenye utamu uliobaki. Nyuzi sita tu, na kinywaji kimekuwa kingine! Tofauti hiyo fundi wetu aliijua kwa ulimi kabla sijamwambia jina la kimeng'enya hata kimoja.

Baada ya saa nzima alichota tone la maji yale matamu, akalidondosha kwenye sahani nyeupe, akaongeza tone la ayodini. Mwanzoni lilikuwa limegeuka rangi ya samawati iliyokaribia weusi. Sasa ayodini ilibaki na rangi yake ya hudhurungi. Wanga ulikuwa umekwisha. Kila mwanafunzi aliyepita kidato cha kwanza nchini Kenya anaujua mtihani huo wa ayodini. Ameufanya juu ya kiazi na mkate, au, mahali ambapo maabara ni jina tu mlangoni, ameukariri kutoka ubaoni. Lakini ni wangapi waliowahi kuufanya kwa sababu walitaka kulijua jibu? Fundi yule alilitaka jibu. Kama wanga ungalibaki, asingaliendelea na hatua iliyofuata.

Aliyasuuza machicha kwa maji ya moto, akachemsha maji yake matamu kwa saa moja pamoja na hopsi, akayapoza upesi hadi nyuzi 20, akatia hamira. Kabla ya hamira alitumbukiza haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea juu zaidi kadiri sukari inavyozidi majini. Hesabu yake ilikuwa imemwahidi 1.050, lakini kijiti kikasoma 1.038. Hakulalamika. Alirudi kwenye machicha, akachagua punje moja moja na kuzing'ata, akakuta nyingi zina unga mkavu ndani: kinu kilikuwa kimevunja kwa ulegevu. Mara ya pili alikaza kinu, akapata 1.048. Hamira ilipomaliza kazi yake, kipimo kilikuwa 1.010, tofauti ya namba hizo mbili ukiizidisha kwa 131 utapata asilimia ya kileo, karibu 5. Mpishi wa mkebe bia yake ikiharibika anaweza tu kununua mkebe mwingine. Yeye alikuwa na mahali pa kuuliza.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka walimu wenzangu waitazame, kwa sababu shule zetu nyingi zinafundisha sayansi ya mkebe. Tunawapa wanafunzi shira iliyokwisha kugandishwa: muhtasari, mwongozo, maswali ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake. Wao huongeza maji na kungoja mtihani, na mara nyingi hupasi. Siukatai mwongozo kabisa. Mwanagenzi hana budi kuanza mahali, na bia ya kwanza ikimwogopesha hatapika ya pili. Ninachokikataa ni mtu kukaa kwenye mkebe miaka minne kisha aitwe mjuzi. Mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini kuanzia 2019, unadai kwamba mwanafunzi aweze kutenda, si kujua tu. Dai hilo ni zuri. Lakini nimekwisha kuona vitabu vya kueleza jinsi ya kutenda, vyenye nafasi za kujaza majibu, na jibu limechapishwa ukurasa wa nyuma.

Isitoshe, sayansi hii ya chungu si ya pembeni kama tunavyodhani. Kimeng'enya cha kwanza kutenganishwa na wanasayansi kilitoka katika kimea. Kazi hiyo ilifanywa na Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, mwaka 1833. Kipimo cha pH, kinachowatoa jasho watahiniwa wetu kila mwaka, kilibuniwa 1909 na Søren Sørensen katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen. Na wanafunzi wa takwimu wanaotumia mtihani wa t wa Student wafahamu kwamba huyo Student alikuwa William Gosset, mfanyakazi wa Guinness mjini Dublin, aliyeuchapisha 1908 kwa jina la kupanga.

Sasa turudi nyumbani. Bibi zetu wa magharibi mwa Kenya hawakuwahi kupika kwa mkebe. Wimbi hulowekwa usiku kucha, hufunikwa mpaka uchipuke, huanikwa juani, husagwa. Hicho ndicho kimea. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati mpaka ugeuke rangi, ndipo huchanganywa na maji na kimea, na baada ya siku chache busaa huwa tayari kwa mirija. Kila hatua ina sababu yake. Moto wa bati huupika wanga ili vimeng'enya vya wimbi viweze kuushika. Uchachu huzuia vijidudu vingi viharibifu. Mama anayeonja kimea kwa ncha ya ulimi ili ajue kama kimekolea utamu anafanya kwa mdomo kile alichokifanya fundi wa Leeds kwa haidromita. Elimu hiyo ni nzima kuanzia punje. Tulichokosa ni kuiandika na kuipima, na wenye kuijua wanazidi kupungua.

Wapo watakaosema kwamba heri ipotee, kwa maana pombe za kienyeji zinaua. Nawasikia, na sicheki. Mnamo Mei 2014 Wakenya wengi walikufa na wengine wakapofuka katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu, baada ya kunywa pombe iliyokuwa na methanoli. Lakini methanoli ile haikutoka kwenye wimbi. Ni kemikali ya viwandani iliyotiwa humo na wenye tamaa, ikauzwa kwa watu ambao hawakuwa na njia ya kujua kilichomo. Mwanafunzi wa kemia anayeweza kuandika fomula za methanoli na ethanoli lakini hawezi kumweleza mjomba wake kwa nini moja humpofusha mtu na nyingine humlevya amefundishwa nini? Ni kwamba mwili huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa jicho. Sentensi moja tu, na ingefaa kusemwa katika kila darasa.

Wala hatuhitaji kupika kileo ili tufundishe. Mwalimu achukue uji mzito wa mahindi, uliopikwa ukaiva, auache upoe hadi nyuzi 60 hivi. Augawe katika bakuli mbili. Katika moja atie kijiko cha unga wa kimea cha wimbi, na katika nyingine kijiko cha unga wa wimbi usiochipuka, akoroge, aziweke mahali pa joto. Baada ya dakika chache uji wa kwanza utalegea na kumiminika kama maziwa, na wa pili utabaki ulivyo. Watoto watapiga kelele, waachwe wapige. Kisha ayodini itolewe. Elimu hii imewahi kuokoa afya za watoto wachanga: katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini Tanzania walihimiza akina mama kutia unga wa kimea katika uji wa kulikizia, ili mtoto aweze kumeza uji wenye unga mwingi, na hivyo nguvu nyingi, badala ya maji matupu.

Kwa watungaji wa mitihani ya vitendo nina ombi moja. Mwaka mmoja tu wawape watahiniwa kimea cha wimbi cha siku mbili na cha siku nne, uji, ayodini na kipimajoto, bila maagizo ya hatua kwa hatua, wawaulize ni kimea kipi chenye nguvu zaidi na wamejuaje. Gharama yake ni kilo chache za wimbi na kitambaa kibichi.