Sitachangia vishikwambi, na sababu ninazo

Nimeadimika hapa kibarazani, najua, zamu za usiku zimenibana. Nilikuwa na picha za huku Berea, Durban, za kuwawekea, mikrismasi ilivyowaka mwekundu barabara nzima, ila zitasubiri. Leo nina jambo linanichoma.

Mnajua wenyewe kilichotokea kwenye kundi letu la WhatsApp. Kamati imeamua shule yetu ya msingi inunuliwe vishikwambi 40 vya darasa la pili na ubao mmoja wa kidijitali, na sisi tulio nje tumepangiwa kiwango chetu. Nikasema sitoi. Nikaitwa bahili, nikaambiwa nimesahau nilikotoka, na mmoja (sitamtaja, anajijua) akaandika eti manesi wa Sauzi tumeshiba. Sawa. Kwenye kundi kila mtu anaandika mistari miwili na vikatuni, hoja haipiti. Naiweka hapa kwa urefu, na shangazi naomba umsomee bibi.

Jamani, hili jambo lilishapimwa, na halikupimwa mbali. Lilipimwa Kisumu, hapo kwa jirani, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kulikuwa na mradi wa kusoma kwa madarasa ya chini unaitwa PRIMR. Shule zikapewa vitabu, walimu wakapewa kiongozi cha mwalimu na mafunzo. Halafu watafiti wakaongeza vyombo kwa mafungu: kwingine walimu wakapewa vishikwambi, kwingine watoto wakapewa visomeo vya kielektroniki, kwingine kishikwambi akapewa yule mratibu anayezunguka kumtembelea mwalimu darasani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Watoto wote waliokuwa ndani ya mradi waliwapita wale wasiokuwemo. Lakini wenye vyombo darasani hawakuwapita kwa maana yoyote wale waliopata vitabu na mafunzo peke yake! Chombo kiliongeza gharama, hakikuongeza kusoma. Na katika mafungu yale matatu, la bei nafuu lilikuwa lile la mratibu, maana chombo kimoja cha mtu mmoja kinahudumia shule nyingi.

Sasa tazameni Kenya hiyo hiyo ilivyokwenda na njia mbili kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza ilikuwa ahadi ya uchaguzi wa 2013, kila mtoto wa darasa la kwanza kompyuta mpakato. Zabuni ikagombewa mpaka mahakamani, na ugawaji ulipoanza 2016 mpakato zikawa vishikwambi. Zaidi ya milioni moja vilipelekwa, shule zaidi ya 20,000. Vingi vikaishia kabatini, vingine vikaibwa, na walimu wengi hawakujua wavifanyie nini. Njia ya pili ilikuwa mpango wa Tusome, kuanzia 2015: kila mtoto kitabu chake mwenyewe cha Kiswahili na cha Kiingereza, kila mwalimu kiongozi chake, na mratibu na kishikwambi chake anakaa nyuma ya darasa, anasikiliza watoto wanasoma, anarekodi, kisha anaongea na mwalimu. Watoto wakasoma. Idadi ya waliofikia kiwango ilipanda sana. Nchi moja, miaka ile ile. Kamati yetu imeangalia zote mbili ikachagua ya kwanza?

(Na kama mnaona Kenya ni karibu mno, Peru waligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa vijijini, wakachunguza shule 319, na ripoti ya 2012 ikasema hesabu na lugha hazikupanda.)

Najua mtanirudishia ile picha ya watoto wa shule moja ya huku Berea wamekaa na vishikwambi. Ndiyo, wapo, nawaona kila asubuhi nikitoka zamu. Lakini picha haikuwaonyesha maktaba ya shule ile, ambayo ilikuwepo kabla babu zenu hawajaoa. Haikuonyesha mlinzi getini, fundi wa kompyuta aliyeajiriwa, wala ada ambayo mimi kwa mshahara wangu siiwezi. Watoto wengine wanapanda teksi alfajiri kutoka Umlazi na KwaMashu kufuata shule za juu huku, na wazazi wao hawafuati kishikwambi. Wanafuata darasa ambalo mwalimu anamjua mtoto kwa jina.

Na nchi hii yenye kila aina ya mtambo, mnajua hali yake? Kwenye upimaji wa kimataifa wa kusoma, PIRLS wa 2021, asilimia 81 ya watoto wa darasa la nne Afrika Kusini hawakuweza kusoma wakaelewa. Kwa lugha yoyote, hata ya mama zao. Kule Gauteng mwaka 2015 walizindua madarasa yasiyo na karatasi, wakubwa wakapiga picha, na wezi wakapiga hesabu. Shule zikavamiwa, vishikwambi vikabebwa, idara ikalazimika kuvikusanya ili viwekewe ulinzi kwanza. Huko ni Gauteng yenye polisi na kamera. Shule yetu ofisi ya mwalimu mkuu inafungwa kwa kufuli la baiskeli.

Mimi ni muuguzi, naishi na mashine. Wodini kwangu kila kitanda kina mashine ya kufuatilia mapigo na pumzi, na inalia usiku kucha. Inalia mgonjwa akikohoa, inalia waya ukichomoka, inalia mgonjwa akifa. Anayejua tofauti ni aliyefundishwa na mtu, akasimamiwa, akasahihishwa. Wakati nasoma digrii tulikuwa na mdoli wa kujifunzia kuzalisha na kuchoma sindano. Ulitusaidia mno, siukatai, kwa sababu mkufunzi wetu alisimama pembeni akiona kidole kimekaa vibaya anakisogeza. Mdoli ule ule ungewekwa peke yake chumbani tungejifunza kuvaa glovu. Na siku hizi mafunzo kazini yamehamia kwenye kompyuta: unasoma ukurasa, unabonyeza, unajibu maswali, unapata cheti. Naona wenzangu saa tisa usiku wanabonyeza huku wanasinzia, wote wanapata mia kwa mia. Halafu asubuhi dada mkuu wa wodi anatuita kitandani kwa mgonjwa na kutuonyesha upya kwa mikono.

Mtoto wa darasa la pili ndiyo kabisa. Anajifunza "ba be bi bo bu" kwa kusikilizwa. Lazima awepo mtu mzima anayesikia kwamba amekisia neno kwa kuangalia picha. Darasa lina watoto zaidi ya mia, tangu elimu bila malipo ianze 2016 wanafunzi wamejaa, vitabu vichache wanakumbatiana watano watano. Unampa kishikwambi mtoto wa namna hiyo, tena mlichoonyeshwa nyie na yule muuzaji kina masomo ya Kiingereza wakati darasa lenyewe linafundishwa kwa Kiswahili. Nani alikagua? Nani atalipia chaji, kioo kikipasuka, bando? Nimeuliza kwenye kundi mara tatu, nimejibiwa kwa dole gumba.

Msinifanye adui wa teknolojia. Nilipigwa bumbuwazi kwa furaha niliposikia vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022 wamegawiwa walimu. Hiyo ni akili, chombo kimoja kwa mtu mzima mwenye kazi nacho, na Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada bure, mwalimu anaandaa somo. Zanzibar walitumia redio, kipindi cha Tucheze Tujifunze, watoto wanaimba na kuhesabu pamoja na mlezi wao. Redio! Betri na mti wa kivuli. Siku ya kuchangia kitu cha namna hiyo mimi wa kwanza.

Mjomba kasema tunaaibika kwa sababu kata ya jirani wameshapata ubao wa kidijitali. Mjomba, shikamoo, lakini nimemuuliza dada anayefundisha pale. Anasema umefunikwa kitenge usiingie vumbi, unafunuliwa mgeni akija.

Basi nataka kamati inijibu vitu hivi, na kwa namba. Darasa la kwanza na la pili wapo watoto wangapi? Vitabu vya kusoma vipo vingapi, vilivyo na kurasa zote? Ni mtoto yupi wa darasa la tatu hawezi kusoma aya moja, na nani amemsikiliza mwaka huu? Fedha yangu ipo, na ni zaidi ya mliyonipangia. Dada nimeshamwomba apite dukani Tanga mjini aulize bei ya vitabu vya hadithi kwa jumla, na kabati lenye kufuli la kweli. Akinitumia bei nitaiweka hapa hapa wote muione.

Matusi wekeni kwenye maoni, nitayasoma kesho nikiamka. Naingia zamu.