Sindano ikitoka, kazi haijaisha

Uvira na uwanda wa Ruzizi ni nchi ya malaria. Kutoka Luvungi na Sange mpaka Makobola, Baraka na Misisi, hakuna jamaa ambayo haijapeleka mtu kuchomwa sindano: kidole kwa kupima malaria, mshipa kwa kutoa damu ya laboratwari ao kwa kuwekwa serumu, tako ao bega kwa dawa na chanjo. Wachimbaji wanachomwa zaidi, sababu kambi zao ziko mahali penye maji yanayolala na mbu mingi.

Lakini angalieni mambo yanayofuata sindano ikitoka. Mgonjwa anapewa kapamba, anaambiwa: “Kunja mukono, unaweza kwenda.” Anakunja, anatoka, na kabla hajafika barabarani kapamba kamekwisha kuanguka. Jioni kiwiko kimevimba, kimekuwa cheusi. Sisi tunasema hivi: kugandamiza pamba ni sehemu ya matibabu, si jambo la mgonjwa kumaliza njiani. Dakika tano hizo inafaa zipewe nafasi yake.

Sababu ni rahisi. Sindano ya mshipa inatoboa mahali pawili: ngozi juu, na mshipa chini yake. Tundu la ngozi unaliona, lile la mshipa hulioni. Ndani ya damu kuna chembe ndogo sana zinazokimbilia pale, zinashikana na kufanya kizibo. Mwanzoni kizibo hicho ni laini. Mchimbaji anayeziba maji ya shimo na udongo anajua jambo hilo: ukiondoa mkono kila mara kwa kuangalia kama maji yamesimama, udongo unaondoka nayo na unaanza upya. Kidole chako juu ya pamba kinafanya kazi ya ule mkono. Kinapunguza mwendo wa damu mpaka kizibo kikomae.

Basi, namna ya kufanya ni hii. Munganga afungue kwanza kamba aliyofunga juu ya mkono, halafu atoe sindano. Sindano ikitoka tu, pamba kavu na safi inakaa pale. Pamba yenye kulowa alkoli ilikuwa ya kusafisha ngozi mbele ya kuchoma. Kwa kusimamisha damu tumia kavu. Weka vidole viwili ao vitatu, si ncha ya kidole kimoja, ili vifunike tundu la ngozi na lile la mshipa lililo juu yake kidogo. Gandamiza kwa nguvu ya kadiri, isiyobadilika: damu isitoke, lakini vidole vya mkono visife ganzi. Usisugue. Usifunue kwa kuangalia. Hesabu dakika tano. Kama bado inatoka, ongeza pamba nyingine juu ya ile ya kwanza na uendelee dakika tano zingine. Kwa kidole kilichochomwa kwa kipimo cha malaria, dakika moja ao mbili zinatosha mara nyingi. Kwa mtoto, mama ndiye anashika, sababu mtoto atatupa pamba.

Na mkono usikunjwe. Watu wengi watashangaa, maana tumezoea kuamriwa kinyume. Lakini mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa maongozi juu ya kutoa damu, na yanasema wazi: mgonjwa anyooshe mkono na kuuinua, asiukunje, kwa sababu kukunja kunaleta uvimbe wa damu chini ya ngozi. Kiwiko kikikunjwa, pamba inasogea, na ukikinyoosha tena unavuta tundu lililoanza kufunga.

Mtu atasema: uvimbe wa mkono ni jambo dogo. Kwa mwenye kukaa ofisini, labda. Kwa mtu wa nyundo na baramini, mkono ndio shamba lake. Ukivimba, siku kadhaa hashuki shimoni, na siku asiyoshuka hakuna feza ya unga wala ya masomo ya watoto. Kuna hasara nyingine mbaya zaidi. Anarudi kambini, anaonyesha ule weusi, na wenzake wanasema: “Unaona? Balikutosha damu mingi.” Kesho mwenye homa kali anakataa kupimwa, ananunua vidonge kwa kubahatisha, na malaria inapanda kichwani. Wengine wameanza kuogopa munganga kwa sababu ya dakika tano zilizokosekana.

Ukivimba hata hivyo, weka kitambaa chenye maji ya baridi siku ya kwanza, na mkono upumzike. Weusi utageuka kijani, kisha njano, utaisha kwa juma moja ao mawili. Uvimbe ukizidi kukua, vidole vikifa ganzi, pakiwa na usaha ao homa, rudi kituo cha afya siku ileile. Na kila mtu aliyetolewa damu mshipani asibebe mizigo mizito na mkono ule siku hiyo. Usiweke majivu, tumbako wala udongo juu ya tundu. Tetanosi inakaa katika udongo, na tundu la sindano ni mlango kama jeraha lingine lolote.

Damu ya mwenzako nayo usiishike mikono mitupu. Kama mgonjwa ana nguvu, agandamize mwenyewe. Hivyo analinda munganga na jamaa yake pia. Kama hawezi, anayemsaidia avae glavu, ao kwa kukosa avae sashe safi mkononi. Pamba iende ndani ya chombo cha takataka za lopitali, si uwanjani wanapocheza watoto. Na sindano itoke katika pakiti mpya mbele ya macho yako. Nchi yetu ilifundishwa jambo hilo kwa uchungu: mwaka 1976 kule Yambuku, lopitali ya misioni ilikuwa inatoa sindano tano kila asubuhi kwa wagonjwa wa siku nzima, zinaoshwa tu na maji ya moto kidogo. Ebola ilipita humo. Watu 318 waliugua, 280 walikufa. Anayekuchoma ndani ya nyumba ya maturubai kwa sindano aliyomchomea mwingine, hata akigandamiza vizuri namna gani, amekwisha kukuumiza.

Kuna jambo la mwisho ambalo dakika tano zinatufundisha. Damu ya mtu mzima wa afya inasimama. Ikikataa kusimama baada ya dakika kumi ao kumi na tano za kugandamiza vizuri, damu hiyo inasema kitu. Mara nyingine ni aspirini: wachimbaji wengi wanameza dawa za mgongo kila siku, na aspirini inazuia zile chembe kushikana kwa siku saba na zaidi. Mwambie munganga dawa unazomeza kabla hajachoma. Mara nyingine ni sumu ya nyoka. Mara nyingine ni homa mbaya ya kutokwa damu. Kule Durba, karibu na Watsa, kati ya 1998 na 2000, Marburg ilishika watu 154 na kuua 128, na wengi wao walikuwa wachimba dhahabu. Mwenye homa ambaye tundu la sindano linavuja lenyewe asirudishwe kambini. Apelekwe, na wasimamizi wa afya wajulishwe.

Kwa hiyo tunaomba vitu vitatu. Waganga na wauguzi, msimwachilie mgonjwa mpaka mmeona damu imesimama. Benchi moja nje ya chumba linatosha. Mabwana wa mashimo na koperative, nunueni sanduku lenye pamba, kompresi na glavu, na mtu aliyepimwa damu asubuhi msimrudishe shimoni siku hiyo. Na ninyi jamaa, mkimsindikiza mgonjwa, mkumbushe: mkono unyooke, pamba isisogee, hesabu mpaka dakika tano ziishe. Munganga akisema “kunja,” mwambie kwa heshima: “Papa munganga, acha ninyooshe.” Ni haki yako kuomba hivyo, na yeye hatapoteza kitu.